Wakili wa Benki: Unamlipa Wewe, Anamtumikia Nani?

Wazazi wengi humu mjini, wakisikia kwamba mtoto wao anasomea sheria, humwona tayari yumo mahakamani: joho jeusi, sauti nzito, shahidi anatokwa jasho kizimbani. Ni wachache wanaomwona ameketi mezani saa mbili usiku, akikisoma kwa mara ya tano kifungu kimoja cha mkataba wa mkopo na kujiuliza kama neno “na” lingefaa kuwa “au”. Lakini huyu wa pili ndiye aliye karibu zaidi na maisha yako, msomaji mpenzi. Kizimbani huenda usisimame mpaka kufa kwako. Mkopo, akiba, au simu yenye pesa ndani, bila shaka unavyo.

Wiki hii basi nimeonelea tumzungumzie huyu ambaye watu humwita wakili wa benki. Kazi yake inaanzia wapi? Anafanya nini hasa? Na zaidi ya yote, anakuhusu nini wewe usiye na hisa wala kiti katika bodi ya benki yoyote?

Tuanze na njia ya kuingia. Hapa Kenya kijana husoma shahada ya sheria chuo kikuu kwa miaka minne. Kabla ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanza kufundisha somo hilo mwaka 1970, Wakenya walikuwa wakivuka mpaka kwenda Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilifunguliwa mwaka 1961 kwa manufaa ya Afrika Mashariki nzima. Akishapata shahada, kijana bado hajawa wakili. Huingia Chuo cha Sheria cha Kenya, kule Karen, akasoma mwaka mmoja, kisha akakaa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu akijifunza kazi kwa macho na mikono. Akifaulu mitihani huapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili, na kila mwaka hulazimika kuchukua cheti kipya cha kumruhusu kufanya kazi.

Mpaka hapo ni sawa na wenzake wa kesi za talaka na za mashamba. Hakuna chuo kinachomtoa mtu mlangoni akiwa wakili wa benki aliyekamilika. Ujuzi huo hupatikana kazini, na anayetaka kufika mbali huongeza shahada ya pili, au hujifunza uhasibu, au hufanya mitihani ya ukatibu wa makampuni. Wakili asiyeweza kusoma mizania ya benki ni kama daktari asiyeweza kupima joto la mgonjwa.

Kutoka hapo njia hugawanyika. Mmoja huenda katika ofisi ya mawakili inayozihudumia benki, akawa anaandika mikataba ya mikopo na kusajili rehani za mashamba na majumba. Mwingine huajiriwa ndani ya benki yenyewe, na kazi yake kubwa ni kumwambia mkurugenzi mambo ambayo mkurugenzi hapendi kuyasikia: hili sheria hairuhusu, hili laruhusiwa lakini litatuletea aibu. Wa tatu huenda upande wa serikali: Benki Kuu ya Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mtaji, mamlaka zinazosimamia bima, malipo ya uzeeni na vyama vya akiba na mikopo. Huyu ndiye anayezitunga kanuni na kuona kwamba zinafuatwa. Wa nne ni yule anayekuja baada ya nyumba kuungua: hufanya kazi na mfilisi, akihesabu kilichobaki, nani anadai nini, na nani alipwe mwanzo.

Sasa mtu ataniuliza, kwani benki ina nini hata iwekewe sheria zake peke yake? Mbona mwenye duka la viatu hasimamiwi hivyo? Jibu ni hili. Mwenye duka hufanya biashara kwa mtaji wake na wa wenzake. Mwenye benki hufanya biashara kwa fedha zako. Ukiweka shilingi elfu kumi benki, hazikai katika sanduku zikikungoja. Benki huweka sehemu ndogo akiba na nyingine huikopesha. Siku ukizitaka utapewa, maadamu wenzako wote hawajazitaka siku hiyohiyo. Benki inasimama juu ya imani ya watu, na imani ikiondoka asubuhi, jioni huwa hakuna benki. Ndiyo maana sheria huingilia: kwanza leseni, kisha mtaji usiopungua kiwango fulani, kisha mipaka ya kiasi kinachoweza kukopeshwa mtu mmoja au wakurugenzi wenyewe, kisha wakaguzi.

Sheria hizo hazikutoka mbinguni. Karibu kila moja iliandikwa baada ya kilio. Katika miaka ya themanini, mashirika ya fedha yasiyo benki yaliota nchini kama uyoga baada ya mvua. Sababu ilikuwa katika maandishi ya sheria: mashirika hayo yalitakiwa mtaji mdogo kuliko benki, na yaliruhusiwa kutoza riba kubwa zaidi. Sheria ilikuwa imeacha ufa, na wajanja waliuona ufa huo kabla ya watungaji wake. Mwaka 1984 likaanguka shirika la Rural Urban Credit Finance. Mwaka 1986 zikafuata Continental Bank na Union Bank, na nyingine nyuma yao. Ndipo ilipoundwa hazina ya kulinda amana za wateja. Ndipo, mwaka 1989, ilipopitishwa sheria mpya ya benki, na mwaka huohuo Consolidated Bank ikaanzishwa ili kubeba mabaki ya mashirika tisa yaliyofilisika.

Jirani zetu wa Tanzania walipitia njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki zilitaifishwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini wakili wa benki alikuwa mtumishi wa serikali asiye na mshindani. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyofungua mlango kwa benki za watu binafsi, na ghafla nchi ikahitaji wanasheria wanaojua maana ya leseni, mtaji na ukaguzi. Taaluma hiyo imepanda hadhi kiasi kwamba mwaka 2018 kiti cha Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, ambacho wengi hukidhania cha wachumi, kilikaliwa na Profesa Florens Luoga, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini nisikupeleke mbali. Chukua simu iliyo mfukoni mwako. M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 1997 ukiongeza miaka kumi, yaani Machi 2007, hapakuwa na sheria nchini iliyoitaja huduma ya namna hiyo. Swali lililowekwa mezani kwa wanasheria wa Benki Kuu lilikuwa fupi: je, hii ni benki? Kama ni benki, kampuni ya simu haina leseni, na huduma ipigwe marufuku. Wakarudi kwenye maneno ya sheria. Biashara ya benki, kwa mujibu wa sheria yetu, si kupokea fedha za watu tu. Ni kuzipokea na kuzitumia, kwa kuzikopesha au kuziwekeza, hasara ikiwa juu ya mwenye benki. Kampuni ya simu haikuwa inazikopesha fedha hizo. Kila shilingi iliyoonekana kwenye simu ilitakiwa iwe na shilingi mwenzake iliyolala katika akaunti ya benki ya biashara, chini ya wasimamizi, ikishikwa kwa niaba ya wateja na si mali ya kampuni. Benki Kuu ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na huduma ikaanza.

Benki za biashara hazikufurahi. Mwishoni mwa mwaka 2008 Wizara ya Fedha ikaamuru huduma hiyo ichunguzwe, na mapema mwaka 2009 serikali ikatangaza kwamba haikuona sababu ya kuizuia. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, na kanuni zake mwaka 2014. Yaani kwa miaka minne mamilioni ya watu walitumiana fedha juu ya barua moja na tafsiri ya maneno machache. Anayedhani kwamba kazi ya mwanasheria ni kuzuia tu, na auangalie mfano huo. Mwoga angesema hapana. Mzembe angesema ndiyo bila kuuliza fedha zitalala wapi. Waliouliza swali la pili ndio waliokulinda.

Ona pia tofauti ndogo ambayo wengi wetu hatuijui. Mwezi Novemba 2012 ilipokuja M-Shwari, mambo yalibadilika, ingawa simu ilikuwa ileile na kidole kilekile. Akiba inayowekwa huko ni amana ya benki, na mkopo unaotoka huko ni mkopo wa benki yenye leseni. Kwenye kioo cha simu huduma hizo mbili zinakaribiana kama pua na mdomo. Katika sheria ni mashamba mawili, kila moja na mpaka wake.

Neno likikosewa, nalo hugharimu. Mwezi Septemba 2016 ilianza kutumika sheria iliyoweka kikomo cha riba: mkopo usizidi asilimia 4 juu ya kiwango kilichowekwa na Benki Kuu. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana wengi walikuwa wamechoka kukopa arusi na kulipa matanga. Lakini benki nyingi ziliona afadhali kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mama wa sokoni asiye na dhamana. Mwezi Machi 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vya kikomo hicho vilikuwa na maneno yasiyoeleweka sawasawa, havipatani na Katiba, ikalipa Bunge miezi 12 kurekebisha. Kabla ya mwaka huo kwisha, mwezi Novemba, kikomo kikafutwa. Mimi sisemi hapa kama kikomo kilikuwa chema au kibaya. Nasema kwamba nia ya Bunge, hata iwe njema namna gani, haina nguvu kupita maneno iliyoandikwa kwayo.

Sasa tufike kwako wewe unayekopa. Unakwenda benki na hatimiliki ya kiwanja chako. Benki inakubali, inakuambia kwamba wakili ataandaa hati, na gharama zake utalipa wewe. Unalipa. Wakili anakupokea vizuri, anakupa kiti, anakuonyesha mahali pa kutia sahihi. Wengi hutoka pale wakisema, “Wakili wangu amenimalizia kazi.” Hapana, ndugu yangu. Si wakili wako. Ni wakili wa benki aliyelipwa kwa fedha zako. Kazi yake, tena aifanye kwa uaminifu, ni kuhakikisha kwamba siku ukishindwa kulipa, benki itakipata kiwanja bila shida. Hakukudanganya. Hukumuuliza.

Hilo ndilo jambo ambalo ningetaka kila msomaji alikate na kulibandika ukutani. Na linamhusu zaidi mdhamini, yule ndugu au rafiki anayetia sahihi kwa sababu ya kuona haya kukataa. Mdhamini hajakopa hata senti, lakini akitia sahihi deni limekuwa lake. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, mtafute wakili mwingine, ambaye benki haimjui, umlipe ada ya saa moja akusomee hati hiyo kwa lugha unayoielewa. Ada hiyo ni ndogo kuliko nyumba.

Usidhani kwamba sheria imekuacha uchi. Yako mambo ambayo hata wakili hodari wa benki hawezi kuyaruka. Sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Mkopaji akishindwa kulipa, apewe kwanza ilani ya miezi isiyopungua mitatu ili arekebishe mambo, kisha ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana ilani yake ya siku 45. Mali ithaminiwe kabla ya mnada, na ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka yenyewe ithibitishe vingine.

Liko na jingine, lililoanza kutumika mwaka 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba itakayoongezwa tangu siku hiyo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki. Kama siku mkopo ulipoharibika ulikuwa unadaiwa msingi wa shilingi 400,000, riba inayofuata haiwezi kupita shilingi 400,000 nyingine, mbali na gharama za kulidai. Deni haliruhusiwi kukua kama mbuyu. Wako watu waliouza mifugo kulipa madeni yaliyopita mpaka huo kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba mpaka upo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini lipa lililo halali.

Na anayeweka akiba, je? Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu iliifunga Imperial Bank, chini ya mwezi mmoja baada ya kifo cha mkurugenzi mkuu wake, wakati udanganyifu wa miaka ulipofichuka. Siku hizohizo benki hiyo ilikuwa imetoka kukusanya shilingi bilioni 2 kutoka kwa wawekezaji kwa kuuza hatifungani, kwa waraka ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji. Karatasi zilipendeza. Sandukuni ndimo mlimokuwa na shimo. Wakati ule bima ya amana ilimlinda mteja kwa shilingi 100,000 tu. Aliyekuwa na 600,000 alikuwa na hakika ya sehemu moja katika sita, na nyingine alilazimika kungoja. Mwaka 2020 kiwango hicho kilipandishwa kuwa shilingi 500,000. Kwa hiyo, mtu au chama chenye zaidi ya hizo na ambacho kimeziweka zote mahali pamoja, kimeamua kuamini bila bima kwa kiasi kinachozidi.

Nimetaja Imperial kwa sababu inatuonyesha mpaka wa taaluma hii, na vijana wanaoitamani waujue. Wakili wa benki hutegemea anachoambiwa na anachoonyeshwa. Mkubwa wake akimficha vitabu, hati nzuri kabisa itasimama juu ya uongo. Na akivigundua, ataufunga mdomo au atasema? Mteja wake ni benki, naye ana wajibu wa kutunza siri za mteja. Lakini benki si mkurugenzi. Benki ni taasisi yenye leseni na amana za maelfu ya watu, na hakuna siri ya kazi inayomlazimisha wakili kusaidia wizi. Sheria ya kupambana na fedha haramu iliwaingiza mawakili wenyewe miongoni mwa wanaotakiwa kutoa taarifa wakiona miamala ya kutiliwa shaka. Mawakili wengi waliipinga, wakisema kwamba mteja hatamwamini tena wakili wake. Hoja yao si ya kupuuza. Lakini mwezi Februari 2024 Kenya iliwekwa katika orodha ya nchi za kuchunguzwa kwa karibu kuhusu fedha hizo, na hasara ya orodha kama hiyo humfika hata anayengoja kutumiwa karo na ndugu aliye ng'ambo.

Iko pia shida ya mlango unaozunguka. Leo mtu yuko Benki Kuu anaandika kanuni, kesho kaajiriwa na benki kwa mshahara mnono awafundishe namna ya kuishi na kanuni hizohizo. Si kosa la jinai, wala si kila anayevuka ni msaliti. Ujuzi wa upande mmoja husaidia upande wa pili. Lakini fedha zina uzito wake, na kila kijana hodari anayevuka huacha kiti ambacho mwenye akiba ndogo angependa kikaliwe na mtu hodari.

Maana, ukiangalia vizuri, benki ina wakili. Tajiri anayekopa mamilioni ana wakili. Serikali inao wengi. Mama aliyeweka elfu ishirini za kikundi chake hana. Wakili wake ni sheria yenyewe, na yule aliyeiandika kabla hajaingia benki. Ikiwa kifungu kimeandikwa vizuri, kitamtetea usiku akiwa amelala. Kikiandikwa kwa uvivu, hakuna atakayesimama kumsemea. Hii ndiyo sababu naona kazi hii ina heshima kuliko wengi wanavyodhani, ingawa haina makofi wala picha gazetini.

Na haijaisha. Kanuni za mwaka 2022 ziliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya leseni ya Benki Kuu, baada ya miaka ya watu kutishwa na kuaibishwa kwa kupigiwa simu jamaa zao. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2024 imetaka mtaji wa msingi wa benki upande kutoka shilingi bilioni 1, hatua kwa hatua, mpaka bilioni 10 ifikapo mwisho wa mwaka 2029. Benki ndogo zitaungana, zitauzwa au zitatafuta wenye fedha. Katika kila muungano mtakuwa na wanasheria pande zote za meza, na wateja wasioitwa mezani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari unalo mkononi: ile karatasi ya benki ambayo hukuisoma. Itoe kabatini wiki hii. Tazama msingi ni kiasi gani, riba ni ngapi, nani ametajwa kuwa mdhamini, na chini kabisa, jina la wakili aliyeiandaa. Kisha jiulize alikuwa anamwandikia nani.